Kuuliza Kabla ya Jembe

Uamuzi ninaoujutia kuliko yote katika miaka yangu ya ualimu niliufanya nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kwa neno moja tu. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini kabla ya kengele ya asubuhi. Aliniambia kwamba kuanzia muhula ule alama za miradi ya shule zitatolewa kwa tofauti: tutawauliza watoto kabla ya mradi, tutawauliza tena baada ya mradi, na aliyeongezeka zaidi ndiye atakayepata alama nyingi zaidi. Nilijua pana kasoro. Sikuiona yote, lakini niliihisi, kama mtu avukaye daraja la magogo akasikia gogo moja linacheza chini ya mguu. Nikajibu, "Sawa, Mzee."

Nitafika huko. Ninyi walimu vijana mmeniomba niandike juu ya miradi, kwa sababu mnasema mimi ndiye mtu wa mwisho shuleni aliyewahi kumwona Mwalimu Apolinari akipima darasa. Basi nitaandika juu ya hayo. Anayetaka kujua nilipanda cheo gani na lini, aende akaulize wilayani. Pengine wao wanakumbuka.

Nilianza kazi muda mfupi baada ya Uhuru, katika shule moja ya mlimani, juu kidogo ya Kilema. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata mafunzo mafupi ya ualimu, na nilikuwa na suruali moja ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nadhani ni ile kaki iliyofanya nipewe somo la kilimo. Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya darasa. Nilisikia "Shikamoo mwalimu" kabla sijaona nyuso. Nikaanza kufundisha jinsi ya kupanda mgomba. Nilichora shimo ubaoni, nikachora samadi, nikachora chipukizi. Nilifundisha wiki nzima kwa bidii kubwa, nami niliona watoto wametulia, nikafurahi.

Ijumaa Mwalimu Apolinari aliingia, akasimama nyuma. Wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, mrefu, mwenye koti lililochanika mfukoni kwa sababu ya kubeba makasi ya kupogolea kahawa. Kipindi kilipoisha akaniuliza kwa upole, "Hawa watoto umewauliza wanajua nini kuhusu mgomba?"

"Hapana, Mwalimu."

"Wanakula ndizi asubuhi, wanakula ndizi mchana, mbuzi wao wanakula majani ya mgomba, na baba zao wanakunywa mbege ya ndizi. Wewe umewaeleza wiki nzima kwamba mgomba una mizizi." Akacheka mpaka akakohoa. "Wana adabu sana. Mimi ningelala."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza kazi.

Njia yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufuata. Kabla ya mradi wowote, uwe bustani, sungura, kitalu cha kahawa au kusafisha mfereji wa maji, aliweka meza nje chini ya upenu na kupanga vitu juu yake. Kwa kitalu cha kahawa, kwa mfano, aliweka mbegu iliyokauka vizuri na nyingine iliyotobolewa na wadudu, jani lenye ugonjwa wa kutu, tunda lililooza kwa chulebuni, ugonjwa unaoshambulia matunda ya kahawa, debe lililotobolewa matundu la kumwagilia, na miche miwili. Mche mmoja ulikuwa mkubwa, wenye majani ya kung'aa, lakini mzizi wake mkuu ulikuwa umepinda kama mkia wa nguruwe. Wa pili ulikuwa mdogo, mzizi umenyooka. Kisha aliita mtoto mmoja mmoja. "Hiki ni nini? Ungefanya nini nacho? Kati ya hii miche miwili, upi ungeupanda kwenu?" Karibu wote waliuchukua ule mkubwa. Mradi ukiisha, aliwaita tena kwenye meza ile ile, na hapo ndipo ulipomwona mtoto anageuza mche, anatazama chini kabla ya kutazama juu. Sijaona mtihani wa karatasi uliompa mwalimu furaha ya namna ile.

Alinipa makatazo matatu kwa ile siku ya kwanza ya kuuliza. Usicheke. Usisahihishe. Usioneshe mshangao. "Ukisahihisha," aliniambia, "mtoto anayefuata kwenye foleni anasikia, na hapo huulizi tena, unafundisha kwa pupa." Kujizuia kucheka kulinishinda mara nyingi. Kuna mtoto aliwahi kunieleza kwa uhakika kabisa kwamba sungura huzaa kupitia masikioni, ndiyo maana ni marefu.

Kosa lingine kubwa la mwanzo nililifanya kwa lugha. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo kutoka juu kabisa, karibu na msitu. Nilimuuliza maswali yote ya mfereji kwa Kiswahili, akanyamaza. Nikamweka katika kundi la wasiojua kitu. Mwalimu Apolinari akamchukua, akaenda naye mpaka kwenye mfereji wenyewe, akamuuliza kwa Kichagga. Yule mtoto alifungua mdomo hakuufunga. Alieleza zamu za maji za ukoo wao, jiwe linalowekwa kugawa maji, na namna ya kuziba tundu la fuko kwa udongo na majani ya mgomba.

"Ulimpima Kiswahili," Mwalimu Apolinari akaniambia tukirudi. "Amepata sifuri ya Kiswahili. Ya mfereji hujampima bado."

Baada ya Azimio la Arusha na elimu ya kujitegemea, miradi ikawa kila mahali. Kila shule ilikuwa na shamba, na wakaguzi walikuja kuhesabu. Walihesabu matofali, walihesabu sungura, walihesabu mistari ya kabichi. Mkaguzi mmoja alisifu sana banda letu, akasema sungura wameongezeka vizuri. Mwalimu Apolinari akajibu, "Ahsante, Ndugu. Na watoto nao wameongezeka, ukitaka kuwaona." Mkaguzi akadhani anazungumzia idadi ya walioandikishwa, akaitikia kwa kichwa.

Jambo la mwisho la njia yake ndilo nataka mlishike. Watoto waliokwisha kujua tangu siku ya kwanza hakuwapima tena kwa lile walilolijua. Aliwapa kazi. Mwenye kujua kupogoa alikabidhiwa makasi na wenzake watatu wa kuwafundisha. "Kuuliza kwa mwanzo ni kwa ajili yangu mimi," alisema, "ili nijue nianzie wapi. Si deni la mtoto." Nilimsikia akisema hivyo kwa miaka, na nilidhani nimeelewa.

Sasa nimtaje dada yangu, kwa sababu bila yeye habari hii haina maana. Veronika alinizidi umri kidogo. Tulipokuwa watoto nyumbani palikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja tu baada ya darasa la nne, na yeye ndiye aliyekuwa na akili zaidi. Baba mwenyewe alisema hivyo. Veronika akasema niende mimi, yeye atabaki kukata majani ya ng'ombe. Hakulia, au hakulia mbele yangu. Baadaye aliolewa na mtu wa Singida aliyefanya kazi katika mashamba ya miwa bondeni, akahamia huko kwenye nyumba za wafanyakazi, kwenye joto na mbu.

Binti yake Agnesi alipofika darasa la nne, Veronika alimleta kwangu mlimani asome shuleni kwetu. Alisimama mlangoni, amemshika mtoto mkono, akaniambia, "Severini, sina cha kukuomba ila hiki kimoja. Huyu asikwamie pale nilipokwamia mimi."

"Dada, hilo mbona dogo," nikamjibu.

Agnesi alikuwa mtoto wa kushangaza. Alitoka bondeni hajui tofauti ya mkahawa na mti wa uzio, na katika mwaka wa kwanza alikuwa akinifuata kihambani, yaani katika shamba letu la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, akiuliza mpaka masikio yananiwasha. Kwa nini unakata hili tawi na unaacha hili? Kwa nini mbegu unailaza upande bapa ukitazama chini? Nilikuwa na kitalu kidogo nyuma ya jiko. Akakichukua. Baada ya muda nilikuwa naomba ruhusa kwake kung'oa mche. Mke wangu alikuwa akisema, "Bwana shamba amekuja kukagua, simama vizuri."

Agnesi alikuwa darasa la saba, na mimi ndiye niliyekuwa nasimamia miradi, siku ile Mwalimu Mkuu aliponiita. Miaka ile taarifa ya kazi za mikono na mwenendo ilikwenda wilayani pamoja na matokeo ya mtihani, na nafasi za sekondari kwa wasichana zilikuwa chache sana huku kwetu, kwa kuwa watoto wenye akili walikuwa wengi kuliko madawati. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia habari za kuuliza kabla na baada, akaipenda njia hiyo, akamweleza afisa mmoja wa elimu, naye afisa akaipenda zaidi. "Hii itaonyesha shule imefanya kazi," akaniambia. "Mtoto ameingia hajui, ametoka anajua. Tofauti ndiyo alama. Nani atabisha?"

Mimi nilipaswa kubisha. Badala yake nikakubali, kwa sababu ilikuwa heshima kuombwa, na kwa sababu nilifikiri nitarekebisha mambo njiani.

Watoto ni wepesi kuliko maofisa. Siku moja kabla ya kuuliza, tulikuwa kihambani jioni, Agnesi akinishikia ngazi.

"Mjomba, Yasinta anasema kesho tusiseme tunachojua."

Yasinta alikuwa rafiki yake, binti wa nyumba yenye kahawa nyingi kuliko zote kijijini.

"Kwa nini?"

"Kaka yake amemwambia ukisema hujui, halafu baadaye ukajua, unapata alama zote. Ukijua tangu mwanzo hupati kitu." Akaishika ngazi kwa mikono miwili. "Mjomba, niseme au nisiseme?"

Nilikuwa juu ya ngazi. Nakumbuka nilikata tawi ambalo halikustahili kukatwa. "Sema unachokijua, mama," nikamwambia. "Mtu hafichi alichojaliwa."

Akaamini.

Siku ya kuuliza nilipanga meza kama nilivyofundishwa. Yasinta akaja, nikamwonyesha tunda lililooza.

"Sijui, Mwalimu."

"Na hii mbegu?"

"Sijui hata hiyo."

Mvulana mmoja kwenye foleni hakuvumilia. "We Yasinta! Kwenu mnalalia magunia ya kahawa, leo mbegu huijui?"

"Nimesahau," akasema, akiinamisha kichwa, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, wala sikusahihisha. Nililifuata katazo la mwalimu wangu siku ambayo sikupaswa kulifuata.

Agnesi akaja. "Hiki ni chulebuni, Mwalimu. Hiki ni kutu. Hii mbegu imetobolewa, haitaota." Akauchukua ule mche mkubwa wa kuvutia, akaugeuza, akautazama mzizi, akaurudisha mezani bila hata kuulizwa. "Huu utakufa ukianza kuzaa." Sikuwahi kupata majibu kama yale siku ya kwanza, kwa mtoto wala kwa mtu mzima. Nilijisikia fahari.

Mradi ukaenda vizuri. Agnesi alifundisha nusu ya darasa kuhamisha miche bila kukunja mizizi. Kitalu kilikuwa kizuri kiasi kwamba wazazi walikuja kukitazama baada ya misa. Tukauliza tena. Yasinta alijibu yote. Agnesi alijibu yote, kama mwanzo. Tofauti ya Yasinta ikawa ya juu kabisa. Tofauti ya Agnesi ikawa sifuri.

Nilimwendea Mwalimu Apolinari, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza darasa la kwanza tu na miguu yenye maumivu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na uso wa mtu aliyefiwa na ng'ombe."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mpe alama ya anachojua," akasema. "Nenda kwa Mkuu, mwambie hesabu hii ni mbovu, inamwadhibu aliyekuja na chakula chake. Mwambie na mimi nimesema."

"Watasema nampendelea mpwa wangu."

"Watasema. Halafu?"

Nikaaga, nikaenda zangu. Nilikuwa nimejijengea jina la mwalimu asiyependelea, na nililipenda jina hilo. Sikwenda kwa Mkuu. Nikaandika alama kama utaratibu ulivyotaka, na nakiri kwamba nilipoziandika nilijiona mtu wa haki.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Agnesi na Yasinta walikuwa wamelingana. Nafasi ilikuwa moja. Taarifa ya miradi ndiyo iliyoamua.

Simlaumu Yasinta. Alikuwa mtoto, na alisoma mchezo tuliouweka sisi. Alisoma sekondari vizuri, akawa muuguzi, na anaheshimika.

Veronika alipanda mlima wiki ile ile. Alikuwa ametembea kutoka barabarani, kitenge kimelowa jasho mgongoni. Hakutaka maji. Aliketi akaniuliza, "Mtoto alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, dada. Alijibu yote."

"Sasa?"

Nikamweleza habari ya kabla na baada. Nilieleza vizuri sana, kama mwalimu. Alisikiliza, macho yake yakiwa kwenye mikono yangu.

"Kwa hiyo angekuja kwako mjinga, angefaulu."

Nikamsogezea tena maji.

"Na nani alimfundisha hayo aliyoyajua mapema?"

"Mimi."

"Na nani aliandika alama?"

"Mimi, dada."

Akamwita Agnesi afungashe nguo. Mke wangu alileta mtori wa ndizi, ukapoa mezani. Agnesi aliniaga kwa adabu, "Kwaheri mjomba," kisha akarudi nyuma ya jiko, akamwagilia kitalu kabla ya kuondoka, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Mwaka uliofuata nilipanga meza tena. Foleni ilikuwa ndefu, na hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyejua kitu. Darasa zima la watoto wa mlimani halikujua kahawa, halikujua jembe. Niliinua ndizi mbivu, kwa uchungu tu. "Hii je?" Msichana wa mbele akaitazama, akamtazama mwenzake, akasema polepole, "Sijui, Mwalimu." Njia ambayo Mwalimu Apolinari aliijenga kwa miaka mingi, mpaka mtoto akawa anasema anachojua bila woga, niliivunja kwa mwaka mmoja.

Siku ile nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu bila kuitwa. Nilimwambia sitaandika tena alama ya tofauti, na akitaka amtafute mwingine. Alinitazama, akavua miwani. "Mwalimu Severini, mbona hukusema mwanzoni?" Utaratibu ukafutwa kabla ya mwisho wa muhula, bila ugomvi wowote. Ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Ilituchukua muda mrefu, mimi na Mwalimu Apolinari, kuwarudisha watoto wasiogope kujua. Alitoka darasani kwake na miguu yake mibovu, akaja kukaa na mimi mezani. Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akiwapokea watoto kama wageni waheshimiwa: "Karibu. Nifundishe. Hiki mnakitumiaje kwenu?" Mkitaka kunikumbuka kwa chochote, acheni, mkumbukeni yeye, na swali lake hilo. Ulizeni kabla ya kushika jembe, ulizeni kwa lugha ya mtoto, na anayejua mpeni kazi. Jibu la kwanza lisigeuzwe alama, hata aombe nani.

Agnesi ana kitalu chake kule Shirimatunda, cha miche ya kahawa, parachichi na migrevilea ya kivuli. Nimemwona akiwafundisha kina mama pale. Anaanza kwa kuwauliza wao. Hakuna mwalimu niliyewahi kumwona anayeuliza vizuri zaidi yake, wala anayesubiri jibu kwa subira kama ile. Huniamkia na kunikumbatia. Wakati wa mvua huniletea miche, na hakuna mche aliowahi kuniletea ambao haukushika.

Mama yake nilimpelekea isale, lile jani tunaloombea radhi, kwa mkono wa mzee wa ukoo. Kwa desturi yetu isale halikataliwi, na Veronika alilipokea. Alisema amesamehe, na naamini alisamehe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo. Nilikuwa nikishuka bondeni kumwona. Alinipa kiti, alinipa chai, aliuliza habari za watoto, kisha akaenda kufua. Nilikunywa ile chai peke yangu miaka yote. Mlimani hakupanda tena, si kwa Krismasi wala kwa arusi za wanangu wala kwa msiba wa mke wangu. Mara ya mwisho niliposhuka, nilikuwa nakwenda kumzika. Nilikuwa na dada mmoja, yeye aliyebaki kukata majani ili mimi nisome, na nikampoteza zaidi ya miaka ishirini kabla hajafa.